MECHI TISA TU, HUKUMU YA MAISHA!
Vijana wa Msalato wafukua kesi ya Hasheem na Memphis, babu wa mbuzi ndiye aliyeifunga

Na Mwandishi Wetu, Msalato

UKITAKA kujua mtu ana roho ya namna gani, usimpe fedha. Mpe timu ya kushabikia, halafu timu hiyo ifungwe mechi tatu za mwanzo wa msimu. Hapo ndipo utakapomjua! Mpole anageuka mbogo, msomi anasahau hesabu, na yule ambaye hajawahi kushika mpira tangu azaliwe anakuwa kocha.

Mwandishi wa makala haya ameyashuhudia hayo kwa macho yake, Jumamosi moja ya Novemba, mnadani Msalato.

Kwa faida ya wasiopajua, Msalato iko kaskazini mwa jiji la Dodoma, ukiishika barabara ya kwenda Kondoa, Babati mpaka Arusha. Wapo wanaoijua kwa ile shule ya sekondari ya wasichana, wapo wanaoijua kwa uwanja mpya wa ndege. Lakini ikifika Jumamosi, wenye meno yao wanaijua kwa kitu kimoja tu: mnada. Ng'ombe huku, mbuzi kule, mitumba katikati, na moshi wa nyama choma ambao hauna haja ya kupiga ngoma ili ukuite. Unaufuata mwenyewe.

Sasa basi, chini ya kivuli kimoja walikuwa wamekaa vijana saba, wamezunguka sinia la mbuzi, ugali, kachumbari na pilipili ile ya kuwatoa watu machozi. Mmoja kavaa jezi ya Lakers ya mtumba, mwingine kofia ya Bulls iliyopauka kwa jua la Dodoma. Wanabishana kwa sauti ambayo dalali wa ng'ombe angeionea wivu.

Wanabishania nini? Kikapu!

Timu yao ya mtaa ilikuwa imeanza kimashindano cha kwao kwa mguu mbaya. Mechi nne, wamepigwa tatu. Na kila mmoja pale alikuwa na mchawi wake. Huyu anasema kocha ni kimeo, yule anasema mipira imechoka, wa tatu anasema wachezaji wanakula sana siku ya mechi (na huku mdomo wake mwenyewe umejaa mbavu!).

Lakini mwisho wa sinia alikaa kijana mmoja kimya. Mrefu! Magoti yake yalikuwa yanakaribia masikio. Jina lake tunalo, ila tunalihifadhi maana mwenyewe ametuomba. Huyo ndiye senta wa timu. Na huyo ndiye aliyebebeshwa zigo lote la vipigo vile.

Tukaambiwa kwamba kila anapokosa mtupo, uwanja mzima hupiga kelele: "Hasheeeeem!" Na si kwa kumsifu.

"Mimi naacha," akasema, macho yakiwa kwenye sinia. "Bora nije huku nichome nyama. Mbuzi hazomei mtu."

Wote wakacheka. Yeye hakucheka.

HASHEEM NDIYE NANI?

Hapo mdogo kuliko wote, kijana wa miaka kama 15 hivi, akauliza swali ambalo liliwanyamazisha wakubwa zake.

"Kwani huyo Hasheem mwenyewe alifanya nini?"

Ebo! Dogo hana kosa. Mambo yalipokuwa yanatokea, yeye hata hajazaliwa. Analijua jina kama neno la kuzomea tu, hajui kwamba nyuma ya neno hilo kuna mtu, mwenye mama yake na historia yake. Basi mwenye kofia ya Bulls, kaka mtu mzima kidogo aliyekuwa akikesha kwenye dishi enzi hizo, akajifuta mikono na kuanza kupiga stori. Sisi tukatoa kalamu.

Hasheem Thabeet ni mtoto wa Dar es Salaam, kazaliwa Februari 1987. Alisoma Makongo, na kikapu alianza kukicheza akiwa tayari kijana wa makamo ya sekondari, si tangu utotoni kama wenzake wa Unyamwezini. Akapata njia ya kwenda Marekani, akamalizia sekondari Houston, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Urefu wake? Futi 7 na inchi 3, yaani mita 2 na sentimita 21. Akisimama kwenye mlango wa kawaida, uso wake unabaki upande wa pili wa ukuta!

Msimu wake wa mwisho chuoni, 2008/2009, ulikuwa bomba. Wastani wa pointi 13.6 kwa mechi, ribaundi 10.8 na bloku 4.2. Bloku, kwa wale wa soka, ni kuupiga kofi mpira wa mwenzako ukiwa hewani unaelekea kikapuni. Mara nne kwa kila mechi! Timu yake ikafika nne bora ya vyuo vya Marekani mwaka huo, naye akagawana na DeJuan Blair tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao ya Big East.

Kisha ikaja tarehe 25 Juni 2009, jijini New York. Siku ya drafti. Si drafti ile ya kijiweni ya kuchezea visoda, la! Hii ni siku ambayo timu za NBA zinapokezana kuchagua chipukizi. Clippers wakaanza kwa kumchukua Blake Griffin. Wa pili kwenye foleni, Memphis Grizzlies, wakamchukua Hasheem Thabeet wa Tanzania.

Wa pili, msomaji wangu! Nyuma yake, namba tatu, alikuwa James Harden. Namba saba alikuwa kijana mmoja mwembamba anaitwa Stephen Curry.

Bongo ikadata. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA! Watu waliokuwa hawajui Memphis iko upande gani wa dunia wakawa mashabiki wa kufa wa Grizzlies usiku huohuo. Jezi namba 34 ikawa ndoto ya kila msela.

MOJA KWA NANE

Msimu ukaanza mwishoni mwa Oktoba 2009. Mechi ya Memphis ikianza saa 1 usiku kule kwao, huku kwetu ni saa 10 alfajiri, majogoo yanashindana na mtangazaji. Watu waliamka. Walioamka waliona nini?

Kipigo.

Grizzlies walicheza mechi tisa za kwanza wakashinda moja tu. Moja kwa nane! Na balaa halikuishia kwenye ubao wa matokeo. Kabla ya msimu, timu ilikuwa imemsajili Allen Iverson, yule mdogo wa mwili mkubwa wa mambo, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi nzima msimu wa 2000/2001. Iverson akacheza mechi tatu tu, zote akitokea benchi, jambo ambalo hakulipenda hata kidogo. Akaondoka kwa kile kilichoitwa sababu za kifamilia, na katikati ya Novemba mkataba ukavunjwa. Mechi tatu! Kuna watu wanakaa muda mrefu zaidi kwenye foleni ya luku.

Na Hasheem wetu je? Alikuwa benchi. Akiingia, anacheza dakika chache, anakusanya faulo, anarudi kukaa. Nafasi yake ya senta ilikuwa na mwenyewe, Mhispania Marc Gasol, pande la mtu lenye akili ya mpira.

Hapo ndipo kijiwe cha Tanzania nzima kilipogeuka mahakama. Memphis ni kimeo. Kocha Lionel Hollins hajui kitu. Hasheem kachemsha. Wengine wakaenda mbali, eti kabebwa na urefu. Na hukumu yote hiyo ilitoka kabla ya Novemba kwisha!

HESABU HAINA USHABIKI

Sasa msomaji, weka ushabiki pembeni kidogo tushike kalamu, kama tulivyofanya pale mnadani kwa kuandika juu ya kipande cha karatasi cha kufungia nyama.

Msimu wa NBA una mechi 82 kwa kila timu. Nusu nyumbani, nusu ugenini. Mechi tisa ni kama asilimia 11 ya msimu. Ukitaka kuitafsiri kwa lugha ya nyumbani, chukua Ligi Kuu ya soka yetu ya timu 16, ambamo kila timu inacheza mechi 30. Mechi tisa za NBA ni sawasawa na mechi tatu na kidogo za Ligi Kuu. Ndiyo! Ni kama Simba au Yanga wacheze mechi tatu halafu mtu aseme bingwa ameshajulikana na wa kushuka daraja ameshajulikana.

(Kweli, wapo wanaosema hivyo. Wapo wengi tu. Ndiyo maana tunaandika.)

Haya, Memphis walimaliza wapi msimu ule? Walimaliza na ushindi 40 na vipigo 42. Toa zile tisa za mwanzo. Zinabaki mechi 73, na katika hizo walishinda 39 wakafungwa 34. Maana yake ni kwamba timu ileile iliyoitwa kimeo mwezi Novemba ilishinda zaidi ya nusu ya mechi zote zilizofuata. Msimu mmoja kabla walikuwa wameshinda 24 tu. Walipanda ngazi 16 kwa mpigo.

Kilichobadilika ni nini? Si uchawi. Wale watano wa kuanza, Mike Conley, O.J. Mayo, Rudy Gay, Zach Randolph na Marc Gasol, walizoeana. Randolph alikuwa ametua Memphis miezi michache tu kabla ya msimu. Alianza na sifa mbaya mdomoni mwa watu, akamaliza msimu akiwa ameitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi, 2010. Watu watano wanahitaji muda kujua nani anapenda pasi ya wapi, nani anachelewa kurudi kuzuia. Muda huo mashabiki huwa hatuutoi, ingawa hatutozwi hata senti moja.

Hapo mwenye jezi ya Lakers akaruka. "Sawa kaka, timu tulikosea. Lakini Hasheem hatukukosea! Si kweli hakuwa nyota?"

Swali zito hilo. Na makala haya hayatalikwepa.

SAWA, NA HASHEEM JE?

Ukweli usemwe. Hasheem hakuwa nyota wa NBA. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi 68, wastani wa dakika 13, pointi 3.1, ribaundi 3.6 na bloku 1.3. Februari 2010 Memphis wakampeleka kwa muda timu ya ligi ndogo, Dakota Wizards, na kwa wakati ule hapakuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye ambaye aliwahi kushushwa huko. Februari mwaka uliofuata akapelekwa Houston Rockets. Mwaka 2012 akahamia Portland, kisha misimu miwili Oklahoma City Thunder. Alipotoka hapo, NBA ikawa basi.

Kwa hiyo wale waliosema Novemba 2009 kwamba "huyu hatakuwa nyota" walipatia?

Jibu letu ni hili: walipatia kwa kubahatisha. Mtu akisema mvua itanyesha kwa sababu goti linamuuma, halafu ikanyesha, bado hatumwiti mtaalamu wa hali ya hewa.

Maana ukiangalia zile namba zake kwa utulivu, zinasema jambo ambalo kijiwe hakikulisikia. Mechi ya NBA ni dakika 48, robo nne za dakika 12. Dakika 13 ni robo moja na chenji. Bloku 1.3 ndani ya robo moja si mchezo! Zidisha kwa tatu, ufanye kama alicheza dakika 39: unapata bloku 3.9 na ribaundi 10.8. Ni karibu zilezile za chuoni. Kuzuia alikuwa anajua. Kilichokuwa kinamrudisha benchi ni mambo mengine, zikiwemo faulo, na ule ukweli kwamba watu wa kule walianza kikapu wangali wadogo, yeye akakianza mkubwa. Tena mbele yake kwenye foleni alikuwa Gasol, ambaye mwaka 2013 alitajwa mzuiaji bora wa ligi nzima. Wewe ungemtoa nani?

(Na tusidanganyane. Hesabu ya kuzidisha ina mipaka yake. Mtu anayecheza robo moja anakutana mara nyingi na akiba wa upande wa pili, na mwenye faulo nyingi hafiki dakika 39. Lakini angalau ni hesabu. Kelele si hesabu.)

Halafu kuna mkasa mmoja ambao pale mnadani uliwafanya watu waache kutafuna. Memphis walipompeleka Hasheem Houston, mmoja wa waliorudi upande wao alikuwa Shane Battier, mkongwe wa kuzuia. Miezi miwili baadaye, mchujo wa 2011, Memphis walioingia wakiwa wa nane waliwatoa San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza, mechi nne kwa mbili. Ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa wa Memphis kwenye mchujo tangu timu izaliwe. Kwa maneno mengine, hata kuondoka kwake kulikuwa tofali kwenye nyumba ile. Nani aliliona hilo Novemba 2009? Hakuna!

Na mwenyewe alikaa NBA misimu mitano. Mitano! Oklahoma City msimu wa 2012/2013 walishinda mechi 60 kati ya 82, naye alikuwemo kwenye kikosi. Baadaye alikwenda kucheza kwa malipo Japan na Taiwan. Huyo ndiye mtu ambaye jina lake limefanywa tusi la uwanja wa vumbi. Nani kati ya wanaozomea amewahi kulipwa nauli ya kwenda Kibaigwa kwa ajili ya kipaji chake?

Mwenye jezi ya Lakers akakuna kichwa. Dogo wa miaka 15 akamwangalia yule mrefu, ambaye sasa alikuwa ameacha kuangalia sinia.

NA WALE WANAOANZA KWA MOTO?

Kosa hili lina pacha wake, wa kushangilia mapema.

Wenye kumbukumbu watakumbuka Golden State Warriors wa msimu wa 2015/2016, timu ya yulee Curry aliyechaguliwa namba saba. Walianza msimu kwa kushinda mechi 24 mfululizo! Wakamaliza na ushindi 73 na vipigo 9, rekodi. Watu wakaanza kupanga sherehe. Fainali wakawa wanaongoza mechi tatu kwa moja dhidi ya Cleveland ya LeBron James. Wakapigwa tatu mfululizo. Kombe likaenda Cleveland, sherehe zikabaki kwenye makaratasi.

LeBron huyohuyo naye ana yake. Msimu wa 2010/2011 alipojiunga na Miami Heat pamoja na Chris Bosh, kumkuta Dwyane Wade, timu ilianza na ushindi tisa na vipigo nane. Dunia nzima ikawacheka. Wakafika fainali. Hawakubeba kombe, Dallas waliwafunga nne kwa mbili, lakini waliowaita kimeo mwezi Novemba walibaki midomo wazi mwezi Juni.

Unaona mchezo wenyewe? Mwanzo mbaya hausemi utafia wapi, na mwanzo mzuri hausemi utafika wapi.

BABU ATIA NENO

Wakati haya yote yanaendelea, pembeni alikuwa amekaa babu mmoja aliyeleta mbuzi wake mnadani. Kashika fimbo, kajitanda shuka, anasikiliza kimya kana kwamba anaelewa kila kitu. Kumbe anaelewa!

"Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo. Vijana wakamwamkia kwa heshima, shikamoo babu, wakamsogezea nyama.

"Wajukuu zangu," akasema akimeza, "mimi huo mpira wenu siujui. Lakini nauliza. Mvua ya kwanza ikinyesha hapa kwetu, mtu anasema mwaka huu tutakula?"

Wakasema hapana.

"Na ikikawia wiki mbili, mtu anachoma jembe lake?"

Wakasema hapana.

"Basi mnabishana nini? Ukishapanda, unakwenda shamba kila asubuhi. Unaangalia mche umeotaje, majani yana wadudu, magugu yako wapi. Unapalilia. Anayekaa barazani anazomea mtama kwamba haukui, huyo hana shamba."

Kimya! Hata dalali wa ng'ombe ni kama alinyamaza kidogo. Mtu yeyote wa Dodoma anaelewa maneno yale. Hapa mvua moja ya kishindo Desemba inaweza kufuatiwa na jua la wiki tatu. Mkulima wa Ugogo haruki kwa furaha wala halii. Anakagua.

Na hapo, msomaji wangu, ndipo tofauti ilipo. Kukagua timu mapema si dhambi. Kuhukumu mapema ndiyo dhambi. Shabiki mzuri anaangalia sana mwanzo wa msimu, kwa sababu mwanzo una habari nyingi, ila habari hizo haziko zote kwenye ubao wa matokeo.

MASWALI MATATU YA MWENYE SHAMBA

Basi kwa msaada wa yule kaka wa kofia ya Bulls, tulikubaliana pale kwamba kabla shabiki hajafungua domo mwanzoni mwa msimu, ajiulize maswali matatu.

Kwanza, wamecheza na nani, na wapi? Kufungwa mechi tatu ugenini na vigogo si sawa na kufungwa tatu nyumbani na timu dhaifu. Timu ya mtaa ya akina sisi, ilipoulizwa, ilikiri kwamba mbili kati ya zile tatu walizopigwa ilikuwa dhidi ya timu za mjini, vijana wanaofanyia mazoezi Chinangali kwenye viwanja vya maana. Wenzetu wanafanyia kwenye udongo, ringi moja imepinda. Hilo mbona hakuna aliyelisema?

Pili, wamepoteza kwa tofauti gani, na lini ndani ya mechi? Timu inayoongoza robo tatu halafu inakatika pumzi robo ya nne ina ugonjwa tofauti na timu inayozidiwa tangu filimbi ya kwanza. Wa kwanza anahitaji mbio za asubuhi. Wa pili anahitaji shule.

Tatu, huyo unayemzomea amecheza dakika ngapi, na mipira mingapi imemfikia? Hili ndilo lililotuumiza zaidi. Yule kijana mrefu alipoulizwa, akasema mechi ya mwisho alipokea pasi mara tano. Mechi nzima! Wenzake walikuwa wanatupia kutoka mbali, kila mmoja anajiona ndiye Curry. Wanakosa, mpira unadunda, yeye anaruka peke yake kati ya watu watatu. Akiukosa ribaundi, "Hasheeeem!"

Mwenye jezi ya Lakers, ambaye kumbe ndiye mgawa mipira wa timu, akajifanya anatafuta chumvi.

JIONI ILIKUWA HIVI

Saa 10 jioni mwandishi wako aliwafuata uwanjani. Vumbi, upepo wa Dodoma ule wa kukunyima macho, watoto wamepanda juu ya ukuta. Mechi ya tano.

Msitarajie tuseme kwamba walishinda kwa pointi 30 na kijana akabebwa mabegani. Hayo ni ya sinema. Walipigwa tena, kwa pointi nne.

Lakini dogo wa miaka 15 alikuwa amekaa pembeni na kalamu, anachora mistari kwenye mkono wake. Mstari mmoja kwa kila pasi iliyomfikia mrefu, mstari mwingine kwa kila ribaundi. Mpaka mwisho mkono ulikuwa kama shamba lililolimwa matuta. Pasi 14. Ribaundi 11.

Robo ya pili, kijana alikosa mtupo wa karibu kabisa. Nyuma yetu jamaa mmoja akavuta pumzi, akaachia: "Hasheeee..."

Dogo hata hakugeuka. Akauliza kwa sauti, macho yakiwa uwanjani, "Amekosa mara ngapi, na amepata mara ngapi? Una namba?"

Yule jamaa hakuwa na namba. Akanyamaza.

Baada ya mechi tulimuuliza yule mrefu kama bado anakwenda kuchoma nyama. Akasema ndiyo, Jumamosi asubuhi, maana fedha zinahitajika. Jioni ana mazoezi.

Haya mashabiki, kazi kwenu. Msimu ndio kwanza umeanza. Nenda shamba, usizomee mtama.